Maswali Tuulizwayo Kuhusu Uchina

Miongoni mwa ada zilizoingia majumbani mwetu kwa njia ya redio, na ambazo waandishi wetu hawajazitazama kwa jicho la kutosha, ni hii ya kuulizana chemsha bongo kuhusu nchi za mbali; na katika nchi hizo sidhani kama iko ambayo wasemaji wa Kiswahili wameulizwa habari zake kwa bidii, na kwa miaka mingi, kuliko Uchina. Tangu Septemba 1961, Radio Peking ilipofungua idhaa yake ya Kiswahili, na hata baadaye ilipokuja kuitwa Radio China Kimataifa, wasikilizaji wa mwambao na wa bara walizoea mashindano ambayo mtangazaji hutanguliza maswali yake mawili, kisha husoma makala, na majawabu yakawa yamo ndani ya makala hiyo hiyo, ili aliyetega sikio barabara ayanukuu, ayatie katika bahasha na kuyapeleka posta, na, Mungu akimjaalia, aitwe kwenda Beijing kuyaona kwa macho yale aliyokuwa akiyasikia kwa masikio. Siku hizi bahasha zimepungua, lakini ada yenyewe imezidi nguvu: ziko Taasisi za Confucius, ya kwanza barani Afrika ikiwa ile iliyofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na za Dar es Salaam na Dodoma zikafuata mwaka 2013, na yako mashindano ya dunia yaitwayo Daraja la Kichina, yaliyoanzishwa mwaka 2002, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu, pamoja na kuhutubia kwa Kichina na kuonyesha sanaa zao, huulizwa tarehe, jiografia na mila za Wachina mbele ya waamuzi.

Nayapenda mashindano haya, na nimeyasikiliza kwa raha tangu ujana wangu. Kujua kwamba Confucius alizaliwa mwaka 551 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, au kwamba mwanamke pekee aliyekalia kiti cha ufalme wa Uchina kwa jina lake mwenyewe ni Wu Zetian, ni bora kuliko kutokujua, na mtu mwenye miaka michache ya tarehe kichwani hapotei upesi anaposikiliza mazungumzo ya wakubwa. Wazee wetu, nao, walipenda kuitaja ile kauli ihimizayo kutafuta elimu hata ikiwa Uchina, kauli ambayo wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha katika isnadi yake, walakini haikupungua utamu barazani kwa sababu hiyo. Hoja yangu ni nyingine, nayo ni moja tu: swali ambalo jawabu lake ni jina au tarakimu, likikomea hapo, hupima sikio la mtu na kuiacha akili yake bila kuguswa, na sisi wa mwambao hasa, ambao makaburi ya mababu zetu yamepambwa kwa vyombo vya kaure vya Kichina, tumeridhika kuwa wajibuji wa maswali yaliyotungwa na wengine, ilhali tunayo haki, na tunayo mali ya kutosha, ya kuwa watungaji.

Natoa mfano wa twiga, kwa kuwa huyo ni wetu. Katika maswali yapendwayo na watungaji limo hili: ni mnyama gani aliyepelekwa Uchina kutoka Malindi mwaka 1415? Jawabu ni twiga, na mtoto wa darasa la tano hulitoa bila kukuna kichwa. Mchezo umekwisha, makofi yanapigwa, na swali linalofuata linasomwa. Lakini ndani ya jawabu hilo la herufi tano imefungwa siasa nzima ya dola, ambayo hakuna aliyeulizwa habari yake. Mfalme Yongle, wa ukoo wa Ming, hakukipata kiti kwa urithi. Alimpindua mwana wa nduguye mwaka 1402, baada ya vita vya miaka mitatu vilivyokwisha kwa kasri ya Nanjing kuungua moto, na tangu siku ile hata kufa kwake alikuwa mhitaji wa ishara za kuuthibitishia umma ya kwamba mbingu zimemridhia. Na katika itikadi za Wachina wa kale alikuwako mnyama wa ajabu, qilin, asemwaye kuwa haonekani duniani ila katika zama za mtawala mwadilifu. Mwaka 1414 akafika twiga wa kwanza, hidaya ya mfalme wa Bengal, nchi ambayo haina twiga na kwa hiyo naye lazima alimpata kwa watu wengine. Mwaka uliofuata wakafika wajumbe wa Malindi na twiga wao wenyewe. Wasomi wa kasri wakamtambulisha mnyama yule kuwa ndiye qilin, Shen Du, aliyekuwa bingwa wa hati na shairi, akamtungia sifa, picha yake ikachorwa, na mfalme kwa miguu yake akatoka hadi langoni kumlaki.

Sasa mwulize kijana hivi: kwa nini mfalme wa dola kubwa kama ile alitoka langoni kumlaki mnyama atokaye Malindi? Hapo atalazimika kuyajua mapinduzi ya 1402, na itikadi ya qilin, na hila za watumishi wa kasri wajuao jinsi ya kumpendeza bwana wao, na fauka ya hayo atatambua kwamba watu wa Malindi walikuwa na busara ya kuchagua zawadi. Swali ni la mstari mmoja kama lile la kwanza, na wala halikuhitaji vitabu zaidi kulitunga. Lilihitaji tu mtungaji asiyetosheka upesi.

Watungaji hao hao hupenda kutaka jina la amiri wa merikebu aliyeifikia pwani yetu, na jina ni Zheng He. Ni mara chache watakapotaka kujua alikuwa mtu gani. Alizaliwa Yunnan mwaka 1371 katika nyumba ya Kiislamu, jina la ukoo wake likiwa Ma, baba yake na babu yake wakijulikana wote wawili kwa lakabu ya Haji; akatekwa angali mtoto majeshi ya Ming yalipoitwaa Yunnan, akahasiwa, akatiwa katika utumishi wa mwanamfalme yule ambaye baadaye ndiye aliyepindua; na baina ya 1405 na 1433 akaongoza safari saba katika bahari yetu hii ya Hindi. Wengi wetu hudhani kwamba ni yeye aliyekuja kumchukua twiga Malindi, lakini wajumbe wa Malindi walikuwa wamekwisha kufika kasrini mwaka 1415, na ilikuwa katika safari ya tano, iliyoondoka mwaka 1417, ndipo merikebu za Ming zilipopewa amri ya kuwarejesha makwao wajumbe wa nchi mbalimbali. Nani basi alimbishia hodi mwenziwe mwanzo? Swali hilo lina utamu kuliko la jina la amiri, na laweza kuwashughulisha wanafunzi wa kidato cha pili kwa wiki nzima.

Liko na balaa jingine, nalo ni jawabu la uongo lililokwisha kuzoeleka hata likaheshimiwa. Ni jengo gani la binadamu lionekanalo kutoka mwezini? Wanafunzi wa mashariki na magharibi wamejibu kwamba ni Ukuta Mkuu wa Uchina, wakapewa alama zao, na vitabu vya shule vya Uchina yenyewe vikalifundisha hilo, mpaka mwaka 2003 Yang Liwei, mtu wa kwanza kupelekwa angani na Uchina, aliporejea akasema kwamba hakuuona. Wala asingeuona, kwa maana ukuta ule, ijapokuwa ni mrefu wa kustaajabisha, upana wake ni mita chache, na rangi yake ni ile ile ya udongo na majabali unayoyapanda. Urefu nao una mtego wake: upimaji uliotangazwa mwaka 2012 ulitaja kilomita 21,196, lakini hesabu hiyo imejumlisha kuta na mahandaki ya zama zote, yakiwamo yale ya dola ndogo zilizokuwa zikipigana wenyewe kwa wenyewe kabla Qin Shi Huang hajaziunganisha mwaka 221 kabla ya Nabii Isa, ilhali ukuta tuuonao katika picha na kalenda ni ule wa Ming.

Mimi ningeuliza: mwaka 1644 Wamanchu waliupitaje ukuta? Jawabu ni kwamba walifunguliwa mlango. Jemadari Wu Sangui, aliyekuwa akiilinda ngome ya Shanhaiguan, aliona mji mkuu umekwisha kutwaliwa na waasi, akakhiari kuwafungulia maadui wa nje ili wamsaidie juu ya maadui wa ndani. Maadui wale wa nje, walipokwisha kuingia, hawakutoka, na ufalme wao ukadumu mpaka mtoto Puyi alipoondolewa katika kiti mwezi wa Februari 1912. Mwanafunzi aliyelifahamu jambo hilo amezijua nguvu za ukuta na kikomo chake kwa mara moja.

Katika jiografia maswali aghalabu huwa ya vipimo. Mto Yangtze una kilomita 6,300 na ushei, nao ni wa tatu duniani kwa urefu baada ya Nile na Amazon. Uchina imepakana kwa nchi kavu na mataifa 14. Makabila yatambuliwayo na serikali ni 56, nao Wahan peke yao ni zaidi ya tisa katika kila watu kumi. Yote ni kweli, na yote hupatikana katika ukurasa mmoja wa atlasi. Mto wenye tarehe hasa ni Huang He, upitao katika uwanda wa juu wa udongo mwepesi wa manjano, ukauchukua udongo ule kwa wingi usiokadirika na kuutua njiani, hata sakafu ya mto ikainuka. Watu wakainua matuta ya kuuzuia, sakafu ikazidi kuinuka, matuta yakazidi kuinuliwa, mpaka mahali pengi maji yakawa yanapita juu kuliko mashamba na mapaa ya nyumba za watu wanaoyategemea. Mto wa namna hiyo ukipasua tuta haurudi kwao. Mwaka 1855 ulihama njia, na mlango wake wa bahari, uliokuwa kusini ya rasi ya Shandong, ukawa kaskazini yake. Na mwezi wa Juni 1938 majeshi ya Chiang Kai-shek, aliyekuwa mtawala wa Uchina wakati ule, yaliupasua kwa makusudi huko Huayuankou ili kuwazuia Wajapani, wakafa wakulima kwa malaki, wala mto haukurejeshwa njiani hata mwaka 1947. Kijana aliyeulizwa urefu wa Huang He amejibu kitu kimoja; aliyeulizwa kwa nini maji yake yako juu ya mashamba amejibu juu ya udongo, kilimo, kodi, uhandisi na vita.

Na liko jambo ambalo Mswahili angelifahamu upesi kuliko wageni wengi, nalo ni saa. Nchi ile, kwa upana wake wa mashariki hata magharibi, ingestahiki majira matano, lakini tangu 1949 imeamriwa kufuata saa moja tu, ya Beijing. Kwa hiyo huko Kashgar, katika siku za baridi, jua huchomoza saa ya Beijing ikiwa imekwisha kupita saa nne ya asubuhi, na wenyeji wengi wa Xinjiang huweka saa yao wenyewe, iliyo nyuma ya ile ya serikali kwa saa mbili. Sisi tuhesabuo saa zetu tangu macheo, na ambao kwetu saa moja ya asubuhi ni saa nzima baada ya jua kuchomoza na saa kumi na mbili ya jioni ni jua kuzama, hatuna haja ya kuelezwa kwa kirefu kwamba saa ni amri ya mtu kabla ya kuwa ni jambo la jua. Wala sijapata kusikia swali hilo likiulizwa katika chemsha bongo yoyote.

Ajabu ni kwamba hapana taifa liwezalo kutufundisha uzuri na ubaya wa kuwapima watu kwa maswali kuliko Uchina yenyewe. Mitihani ya kuwachagua maofisa wa dola, ambayo mwanzo wake huhesabiwa kuwa mwaka 605, katika zama za ukoo wa Sui, ilidumu mpaka ilipofutwa mwaka 1905, miaka 1,300 kamili, na katika muda huo ikatengenezwa kwa ustadi ambao mabaraza yetu ya mitihani yangeuonea ghera. Katika zama za Song jina la mtahiniwa lilifunikwa, kisha karatasi yake ikanakiliwa upya na makarani, ili msahihishaji asiweze kumtambua mtu hata kwa mwandiko wake. Hivyo mtoto wa mkulima, kwa akili yake na subira ya wazazi wake, aliweza kuketi baraza moja na wana wa mawaziri. Haya ni mambo makubwa, na ni katika zama ambazo kwingineko duniani uwaziri ulikuwa ukirithiwa kama shamba.

Lakini mitihani ile ikaja ikafungwa pingu na umbo lake yenyewe. Vitabu vya kuhifadhi vilijulikana, herufi zake zilizidi 400,000, na insha ya kujibia, katika zama za Ming na Qing, ilipasa kuwa na sehemu nane zilizokadiriwa, kila moja na mizani yake. Watahiniwa wa mkoa walifungiwa katika vijumba vya kukaa mtu mmoja, vyenye ubao wa kuandikia na kulalia, kwa siku tatu na usiku mbili, wakatoka, wakarudi tena, hata mara tatu. Na wako waliovaa chini ya kanzu zao fulana zilizoandikwa vitabu vyote kwa herufi ndogo kama chawa, ambazo baadhi yake zimehifadhiwa mpaka leo kuwa ushahidi wa werevu uliopotezwa bure. Pu Songling, ambaye hadithi zake za majini na mizuka zasomwa hata sasa, alifaulu daraja ya kwanza angali kijana, kisha akashindwa na kushindwa mpaka uzeeni. Msahihishaji aliyekuwa akitafuta sehemu nane hakuwa na macho ya kuona kwamba mbele yake yuko bingwa wa hadithi. Na Hong Xiuquan, mwana wa wakulima wa kusini, aliyeshindwa mtihani wa Guangzhou mara kwa mara, akaugua, akaona njozi, akajidai kuwa ni ndugu mdogo wa Nabii Isa, na kuanzia 1850 hata 1864 akauongoza uasi wa Taiping, ambao wanatarehe wengi huwakadiria waliokufa ndani yake kuwa watu milioni 20. Sisemi kwamba mtihani ndio uliomtia wazimu. Nasema tu kwamba nchi iliyowapima watu wake wote kwa aina moja ya jawabu haikuwa na mahali pa kumweka mtu kama yule.

Hata leo ada haijafa. Mtihani wa kuingilia vyuo vikuu, uliosimamishwa tangu 1966 katika yale Mapinduzi ya Utamaduni, uliporudishwa mwaka 1977, waliufanya watu milioni 5.7, wakiwamo kaka na dada waliokuwa wamepelekwa mashambani katika miaka ile kumi, na nafasi walizopata hazikufika 300,000. Mwaka 2024 waliojiandikisha walikuwa milioni 13.42. Mtu asiyeyajua haya hataelewa kwa nini Wachina, wanapotaka kuonyesha mapenzi yao kwa mgeni, humwandalia mtihani.

Na kwa kuwa mwenye kutunga swali ndiye achaguaye sehemu ya zamani itakayokumbukwa, yatupasa kutazama pia yale yasiyoulizwa. Katika chemsha bongo zitungwazo na wenyeji utaulizwa panda anakula nini, na Mji Uliokatazwa ulikamilika mwaka gani, nao ni 1420, na yale masanamu ya askari wa udongo yalivumbuliwaje mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima. Hutaulizwa habari za njaa ya 1959 hata 1961, iliyoua watu kwa mamilioni, wala kwa nini mitihani ilisimamishwa mwaka 1966. Siwalaumu sana, kwa sababu mwenye nyumba humkaribisha mgeni barazani, hamwanzishii matembezi yake jikoni. Wamagharibi nao wana uteuzi wao, nao kwa maoni yangu una kejeli zaidi: Uchina yao ni ya masuria wa mfalme, baruti, na kile kibiskuti chenye karatasi ya bahati ndani yake, ambacho hakikutoka Uchina kabisa, bali kilienea kutoka mikahawa ya California kwa mikono ya wahamiaji wa Kijapani. Sisi tukiziazima chemsha bongo za hawa na za wale, tumeazima na upofu wao.

Yetu ni yapi basi? Tunayo mengi, tena yameshikika mkononi. Pale Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ziko nguzo za makaburi zilizopachikwa bakuli za kaure za zama za Ming. Bakuli za tanuri za Changsha, za karne ya tisa, zimefukuliwa vipande vipande Unguja Ukuu, na Shanga na Manda katika visiwa vya Lamu. Sarafu ya shaba ya mfalme Yongle ilipatikana Mambrui mwaka 2010, na nyingine Manda mwaka 2013. Swali la kipumbavu ni kuuliza vyombo hivi vilitoka wapi. Swali la maana ni hili: ikiwa Zheng He alikuja katika karne ya kumi na tano, bakuli za karne ya tisa zililetwa na nani? Atakayelijibu itampasa aijue misimu ya kaskazi na kusi, na bandari za Siraf na Hormuz, na jahazi lile lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, katika Indonesia ya leo, na kuvumbuliwa mwaka 1998 likiwa na vyombo 60,000 hivi, wingi wake wa Changsha, mojawapo kikiwa na tarehe ya mwaka 826. Jahazi ambalo mbao zake hazikupigwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba, kama ilivyoshonwa mitepe ya Bajuni. Na mtungaji mwenye mzaha angeweza kuuliza pia: nitajie mtu aliyeikanyaga Kilwa mwaka 1331, kisha katika miaka ya 1340 akaikanyaga Quanzhou, ambayo yeye aliiita Zaitun. Ni Ibn Battuta. Na swali hilo moja limewaunganisha Waswahili na Wachina bila haja ya mtu wa tatu kuwapatanisha.

Katika zama zetu hizi maswali ni mengi zaidi, na inasikitisha kuona reli ya TAZARA ikiulizwa urefu wake tu, kilomita 1,860. Kwa nini njia yake ina upana wa milimita 1,067, ilhali Reli ya Kati iliyoanzwa na Wadachi ni ya milimita 1,000, hata gari lililotoka Kapiri Mposhi, Zambia, lisiweze kuendelea moja kwa moja hadi Tabora? Ni kwa kuwa reli ile ililengwa kuungana na njia za kusini, na shaba ya Zambia ilikuwa ikitafuta bahari isiyo chini ya mkono wa walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru wao mwaka 1965. Kwa nini wakopeshaji wa magharibi waliikataa, na Uchina, iliyokuwa wakati ule maskini na iko katikati ya machafuko yake, ikatia saini mwaka 1967 kuijenga kwa mkopo usio na riba? Na gharama za hapa nchini zililipwaje? Zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka yetu, jambo ambalo wazee wengi wanalikumbuka kwa chupa za chai na mashati bila kujua kwamba walikuwa wakijenga reli. Na huko Gongo la Mboto yako makaburi ya Wachina zaidi ya 60 waliofia kazini.

Kadhalika liko suala la Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Oktoba 1971 kura 76 dhidi ya 35 ziliirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, na balozi wa Tanzania pale New York, Salim Ahmed Salim, alikuwa katika mstari wa mbele wa waliolipigania jambo hilo. Miaka kumi baadaye Salim akagombea ukatibu mkuu. Marekani ikamzuia, na Uchina nayo ikampigia mshindani wake, Kurt Waldheim, kura ya turufu mara 16 mfululizo, mpaka wote wawili wakajitoa na cheo kikamwangukia Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Mwulize mwanafunzi ni kwa nini Uchina, ambayo katika miaka ile ya kwanza ilikuwa ikiitumia turufu kwa nadra mno, iliinua mkono mara 16 kwa jambo moja. Jawabu litapita Unguja, Dar es Salaam, Beijing na New York, na mwishowe atakuwa amejua tarehe ya Uchina kwa sababu imegusana na ya kwao.

Basi nawaomba walimu wa tarehe, wahariri wa kurasa za vijana, wakuu wa idhaa zetu, na hata wenyeji wetu wa Taasisi za Confucius, ambao naamini wataipokea rai hii kwa moyo mkunjufu, kwamba katika mashindano yajayo kila swali la jina lifuatwe na swali la sababu; kwamba nusu ya maswali yatungwe hapa, na watu wa hapa, kutoka katika makaburi, bandari na reli zetu; na kwamba kabla ya pazia kufungwa vijana wapewe zamu ya kuwauliza waamuzi. Zawadi ya kwanza apewe yule ambaye swali lake limemlazimu mwamuzi kwenda kufungua kitabu.